Siku Aliyokufa Wadii Peke Yake

Zamani nafasi kati ya neno na neno ilikuwa kipande cha madini ya risasi, nilikishika kwa vidole hivi na nikauhisi uzito wake. Siku hizi nafasi ni kitu kisichokuwapo, na ndicho kinachoangusha ofisi nzima.

Najua ninachosema, maana nilipanga herufi katika kiwanda cha gazeti letu pale mtaa wa Faggala, Kairo, tangu ujana wangu mpaka mitambo ilipouzwa kwa kilo. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza kwa kuokota herufi moja moja kutoka visandukuni na kuzipanga kinyumenyume, ndiyo maana mpaka leo nasoma haraka zaidi nikilishika gazeti mbele ya kioo. Ukitaka maneno mawili yaachane, ulitia kipande cha risasi katikati yao. Kikidondoka ulikisikia kikilia sakafuni, ukainama, ukakiokota. Leo kikidondoka hakuna anayesikia.

Lakini siandiki haya kwa ajili yangu. Namwandikia Wadii Habib, karani wetu wa tanzia, ambaye nafasi hizo zilimuua Jumanne moja asubuhi akiwa njiani kuja kazini na mkate wake wa maharage mkononi.

Gazeti letu lilikuwa dogo. Siasa zake hazikumtisha mtu, na habari zake za mpira zilichelewa siku nzima. Watu walilinunua kwa ajili ya ukurasa wa nyuma, ukurasa wa vifo. Kwetu Kairo mtu hajafa sawasawa mpaka tanzia yake itoke, na tanzia si jina na tarehe tu. Lazima isemwe marehemu ni baba wa nani, kaka wa nani, mkwe wa familia ipi, mjomba wa akina nani, na kila mmoja na cheo chake: daktari, mhandisi, mshauri wa mahakama, meneja wa benki tawi la Tanta. Nimepanga tanzia ambazo marehemu alipata mstari mmoja na jamaa zake wakajaza safu nzima.

Wadii ndiye aliyewaweka jamaa hao katika mpangilio. Alikaa nyuma ya kaunta ya mbao, suti ya kijivu majira yote, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na mbele yake walikuja watu ambao maiti yao ingali nyumbani, wakigombana. Mjane anataka wanawe watangulie. Dada wa marehemu anasema yeye alikuwapo kabla ya mjane. Binamu aliyepandishwa cheo juzi anataka cheo kipya kiandikwe, si kile cha zamani. Wadii aliwasikiliza wote, akauliza maswali mawili matatu kwa upole, kisha akawasomea majina jinsi alivyoyapanga, nao wakanyamaza. Sijapata kuona mtu aliyepangwa na Wadii akakataa mahali alipowekwa, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni Nasif, mdogo wake wa tumbo moja. Baba yao alipofariki, Wadii aliiandika tanzia mwenyewe. Alimtanguliza dada yao Adla, kwa kuwa ndiye mkubwa, akafuata yeye, kisha Nasif. Nasif alikuwa akisomea udaktari wa meno na alikuwa amebakiza mtihani mmoja, basi Wadii akaandika "Nasif" tupu, bila "Daktari" mbele yake. Nasif alilisoma gazeti mlangoni mwa kanisa, jeneza likiwa ndani. Akalikunja vizuri, akamkabidhi kaka yake, na tangu hapo hawakusemezana tena. Nasif alifaulu mtihani wake, akafungua kliniki Heliopolis, akaoa, akazaa. Wadii hakuoa. Adla, anayeishi kwa mwanawe Asyut, alibeba salamu za huku kwenda kule mpaka akachoka, maana kule hazikupokelewa.

Wadii alitaka jambo moja tu, na ofisi nzima tulilijua: Nasif aje. Kila mtu mwenye tai nyeusi alipoingia, Wadii aliinua kichwa kabla hajauliza aliyekufa ni nani. Na kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kuwapanga jamaa zake, alijiandikia tanzia yake mwenyewe mapema. Makarani wa tanzia wote hufanya hivyo, kama washonaji wanavyojishonea sanda. Kila mpwa wake mmoja alipopanda cheo, aliitoa akairekebisha. Siku moja alinisomea. Palikuwa na maneno yanayosema amelala kwa tumaini la ufufuo, kisha: ndugu wa Bibi Adla, na ndugu wa Daktari mkubwa Nasif Habib.

"Atasoma," aliniambia. "Akisoma atakuja. Akija, tumepatana."

"Nawe utakuwa ndani ya sanduku."

"Si wewe utakuwapo, Mahrus? Utamwangalia kwa niaba yangu."

Ndivyo mambo yalivyokuwa tulipopata maendeleo. Mwenye gazeti alikufa, akapata safu tatu, na binti yake, Madam Mirvat, akashika ofisi. Aliuza mitambo. Ukumbi wa chini, tulikokuwa tukipanga herufi, alimpangisha mfanyabiashara wa masinki na vyoo vya kukalia. Mtaa wote wa Faggala ulikuwa unakwenda huko huko: palipokuwa na mchapaji leo pana bomba, palipouzwa karatasi leo pana mabeseni. Naelewa. Kila mtu ana haja ya choo, na wachache wana haja ya kusoma. Uchapaji ukahamishiwa kwenye mtambo wa kukodi, mji mpya kule jangwani, ambako ukurasa ulipelekwa kwa waya bila mkono wa mtu kuugusa. Chumba cha wasahihishaji kikafungwa, kwa sababu Madam aliambiwa kompyuta haikosei. Zamani tanzia ilipita mbele ya macho ya watu wanne kabla ya kutoka, na mmoja wao lazima alikuwa na jamaa ndani yake. Mimi nilibakizwa kufunga magazeti yaliyorudi bila kuuzwa. Kazi haikukosekana.

Kisha akaja Hazim. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa na viatu vyeupe, na kila mtu alimwita bashmuhandisi, cheo ambacho kwetu hupewa aliyesomea uhandisi na yeyote mwingine anayemiliki waya. Sikumchukia. Alikuwa na tabia nzuri na alimsalimu kila mtu. Ila aliiamini mashine yake kama mtoto anavyomwamini mamaye.

Hazim alitengeneza programu ya kukusanya tanzia za siku na kuzipeleka kwenye ukurasa. Haikuwa na picha wala vitufe. Ilikuwa dirisha jeusi lenye maandishi meupe; unaandika amri, unapiga kitufe, nayo inakwenda kuchukua faili moja baada ya jingine kwa majina yake. Na hapo ndipo ilipokutana na Wadii.

Wadii alikuwa amejifunza kuandika kwa kompyuta, kwa vidole viwili, na kila tanzia aliihifadhi kwa jina la marehemu mwenyewe, kamili, pamoja na heshima zake. Kwake kichwa cha faili kilikuwa sawa na kibao cha kaburi. Basi humo ndani ungekuta faili liitwalo *Marehemu Bibi Mwema Istir mjane wa Bwana Shukri Abdelmalik*. Programu ya Hazim ililisoma jina hilo mpaka ilipofika kwenye nafasi ya kwanza, ikadhani jina limekwisha. Ikaenda kutafuta faili liitwalo *Marehemu*. Ikarudi ikasema halipo. Ikaenda kutafuta liitwalo *Bibi*. Halipo. *Mwema*. Halipo. Ilimtafuta mjane wa watu neno kwa neno, na kila neno ikalia kwamba hakuna faili kama hilo, na yeye amelala pale pale mbele ya pua yake.

Hazim akapanda juu kuzungumza na Wadii.

"Ami Wadii, yaunganishe tu majina. Badala ya nafasi weka kistari cha chini. Istir, kistari, mjane, kistari, Shukri."

"Bashmuhandisi, hao hata walipokuwa hai hawakukaa karibu hivyo."

"Ami, mashine haina adabu. Ina kanuni."

"Na aliyezitunga kanuni?"

"Nimezitunga mimi."

Wadii akamwangalia kwa huruma. Akamuuliza kama programu haiwezi kufundishwa. Hazim, na hili nampa haki yake, hakudanganya. Alisema inaweza. Ni kulizungushia jina alama za kunukuu, mwanzo na mwisho, nayo italichukua zima zima pamoja na nafasi zake. Lakini ingembidi apite programu yote, mstari kwa mstari, na hakumbuki tena kila mstari unafanya nini.

"Nyie watu ni rahisi zaidi kubadilika," alisema, wala hakuwa na nia mbaya.

Wadii hakubadilika. Aliendelea kuwaandika marehemu na nafasi zao na heshima zao, na kila siku alasiri, kabla ya programu kufanya kazi saa kumi, Hazim alikaa akibadilisha majina mwenyewe, akiguna. Wakaishi hivyo. Kila mmoja alimweleza Madam Mirvat kwamba mwenzake ndiye tatizo, na Madam aliwaambia wote wawili kwamba analifanyia kazi.

Katika folda lile lote palikuwa na faili moja tu ambalo halikuwa na nafasi. Ni lile la tanzia ya Wadii mwenyewe. Hakutaka kujiita marehemu kabla ya wakati, na kujipa vyeo aliona ni kiburi, basi aliliita *Wadii*, likaisha. Alilihifadhi pamoja na mengine kwa sababu, alisema, tanzia hukaa na tanzia.

Ikaja Sham en-Nessim, Jumatatu ile baada ya Pasaka, ambayo Waislamu kwa Wakristo hutoka kwenda bustanini kula samaki aliyeozeshwa na vitunguu. Hazim alikuwa amechumbia, na wakwe walimtaka aende nao Qanatir. Akaiweka programu ijiendeshe saa kumi bila yeye. Hakumbuki, alituambia baadaye, kama aliwaza lolote kuhusu majina; aliwaza samaki. Wadii, ambaye hakuwa na wakwe wa kumwita, alikuja kazini kama kawaida, akapokea wafiwa, akaandika tanzia zote za siku ile kwa utulivu. Mmoja wa marehemu alikuwa mfanyabiashara wa sufu wa Shubra, Wadii Basiliyus. Wadii aliguswa kukutana na wajina wake. Akalianza faili lake kwa jina lenyewe, si kwa "Marehemu" kama mengine, akaweka heshima nyuma: *Wadii Basiliyus Mikhail mfanyabiashara mwaminifu*. Kisha akafunga kaunta, akaenda nyumbani.

Saa kumi programu iliamka. Iliandika malalamiko yake kwenye dirisha jeusi, mstari chini ya mstari, hakuna faili kama hilo, hakuna faili kama hilo, katika chumba kisicho na mtu. Ilipofika kwa mfanyabiashara wa sufu ilisoma *Wadii*, ikasimama kwenye nafasi, ikaenda kutafuta, na kwa mara ya kwanza siku ile ikapata.

Asubuhi nililipokea gazeti mlangoni, nikalipindua, kama ilivyo desturi, kuangalia kama nimekufa. Ukurasa wa nyuma ulikuwa mweupe. Juu kabisa kilikuwapo kichwa cha ukurasa na mapambo yake, chini yake weupe mtupu, na katikati ya weupe huo, kwa herufi ambazo mashine ilizikuza ili kujaza mahali, jina la Wadii Habib Tadros na jamaa zake wote. Ukurasa mzima, ambao enzi zangu sikumpangia hata pasha. Katika jiji zima la Kairo, siku ya Sham en-Nessim, pamoja na watu wote wale waliokula samaki wale, hakufa mtu ila Wadii.

Aliingia dakika chache baadaye na mkate wake. Nikampa gazeti. Akavaa miwani, akasoma taratibu kutoka juu mpaka chini, kidole kikifuata majina.

"Mpangilio ni sawa," akasema. Kisha akakaa. "Lakini nimekufa."

Simu ikaanza kulia na haikukoma tena. Tanzia ile haikutaja kanisa wala saa ya maziko, kwa sababu mtu hawezi kuyajua hayo mapema, basi watu wakaja mahali walipomjua, yaani kaunta. Walikuja wenye tai nyeusi, wakapanda ngazi kwa nyuso za msiba, wakamkuta marehemu amesimama akiwaomba radhi. Wengine walimkumbatia. Mtu mmoja wa kanisani kwake alimshika mikono yote miwili, akamwambia Pasaka ilikuwa juzi, umechelewa siku mbili. Wengine, siwezi kuficha, walionekana kuvunjika moyo kidogo. Walikuwa wameshaomba ruhusa makazini.

Na nyuma ya hao wakaja wengine, nao kwa ngazi hizo hizo: jamaa za wale waliokufa kweli na hawakutoka. Hawa hawakuja kukumbatia. Walitaka kujua kwa nini baba yao, mama yao, shangazi yao aliyekuwa mkaguzi wa shule, hawamo gazetini, na watu watakujaje adhuhuri hii kwenye maziko wasiyoyajua. Wadii alikuwa katikati, huku akipokea rambirambi zake, huku akipokea matusi ya jamaa za marehemu wenzake. Alizichukua tanzia upya zote, kwa kalamu.

Mtoto wa mfanyabiashara wa sufu alikuwa kijana mnene, macho mekundu kwa kukesha. Aliliweka gazeti juu ya kaunta.

"Baba yangu ndiye Wadii aliyekufa," alisema. "Yuko kwenye barafu na hakuna anayejua. Wewe unajulikana mji mzima, na unakunywa chai."

Wadii alisimama, akafunga vifungo vya koti lake.

"Haki yako, mwanangu." Akampa pole kwa maneno tunayowapa wafiwa Kairo: "Masalio ya umri wake yawe kwako."

"Na ya kwako yawe kwa nani?"

Kijana aliposikia alichokisema mwenyewe, kicheko kilimtoka bila kutaka, kisha akaketi kwenye benchi akalia kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu msiba uanze. Wadii alizunguka kaunta kumpigapiga begani, na katika kuinama uzi wa miwani ukakatika. Miwani ikateleza chini ya kaunta.

Yuko huko chini, magoti sakafuni, anapapasa, mlango ukafunguka, akaingia Nasif.

Nilimtambua kwa masikio, yale masikio ya baba yao. Vingine vyote vilikuwa vimebadilika: alikuwa amenenepa, nywele zimekwisha, anahema kwa kupanda ngazi. Tai yake nyeusi aliifunga vibaya, kama mtu aliyeifungia ndani ya gari. Gazeti alilikunja ukurasa mweupe ukiwa nje.

"Mwili uko wapi?" aliniuliza.

"Chini ya kaunta," nikamwambia. "Unatafuta miwani yake."

Hakucheka. Sidhani alinisikia. Wadii aliinuka bila miwani, akimkunjia macho mtu huyu mpya ambaye kwake alikuwa kivuli chenye tai, akavuta karatasi na kalamu kwa mazoea ya maisha yake yote.

"Karibu, bwana. Pole sana. Aliyefariki ni nani wako?"

Nasif aliliweka gazeti juu ya kaunta.

"Kaka yangu," alisema.

"Jina lake kamili?"

"Wadii Habib Tadros."

Kalamu ilisimama. Wadii akainua uso.

"Umekuja," Wadii akasema.

"Ningekosaje? Ukurasa mzima. Baba mwenyewe hakupata ukurasa mzima."

"Si mimi, Nasif. Ni kompyuta."

"Najua si wewe. Wewe ungenibania mstari."

Nilikwenda kupika kahawa, maana sikujua jingine la kufanya, nikaipika chungu bila sukari kama inavyopasa msibani. Niliporudi walikuwa wamekaa pande mbili za kaunta, gazeti katikati, na Nasif ameweka kidole penye jina lake.

"Umeniandika Daktari mkubwa."

"Ndivyo ulivyo."

"Hata 'Daktari' tupu ingenitosha, wakati ule."

"Ulikuwa umebakiza mtihani."

"Wa fizi, Wadii. Nilibakiza fizi tu."

"Bila fizi meno yatakaa wapi?"

Nikadhani basi, yamekwisha, yanaanza upya yale ya mlangoni mwa kanisa. Nasif alipiga funda la kahawa, akakunja uso.

"Haina sukari."

"Ni msiba," Wadii akasema.

"Wa nani?"

Nasif akanigeukia, akaniambia kwa heshima, Fundi Mahrus, tafadhali, sukari, na mletee naye. Nikaleta. Wakanywa kahawa tamu mbele ya wafiwa, na Nasif alibaki pale mpaka tanzia za wote zilipoandikwa, akisoma majina kwa sauti na Wadii akiandika, kwa sababu miwani, tulipoipata, kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Mara moja tu alijaribu kumtanguliza daktari mmoja mbele ya shangazi yake, na Wadii akamrudisha.

Siku iliyofuata Hazim alirudi akinuka vitunguu, akafungua dirisha lake jeusi, akasoma, na uso wake ukatulia. Programu haikuwa na kosa. Mbele ya Madam Mirvat alituonyesha mistari ile: yenyewe ilisema wazi, tangu saa kumi, kwamba hakuna faili kama hilo. Wadii aliuliza ilimwambia nani. Hazim akasema iliiambia skrini.

Madam alifikiri, akatoa uamuzi. Ukabandikwa ukutani kwamba kuanzia tarehe ile majina ya marehemu wote yataandikwa yakiwa yameunganishwa bila nafasi, na kwamba karani wa tanzia atatia saini kukubali. Neno "marehemu" lilikuwa limekosewa. Wadii alilisahihisha kwa kalamu, akairudisha karatasi bila saini, akachukua koti lake. Aliomba kitu kimoja tu, achapiwe tanzia yake kwenye karatasi kabla faili halijafutwa. Hazim alimchapia kwa furaha, nakala mbili, akamtakia maisha marefu.

Aliyemrithi aliunganisha kila alichoambiwa aunganishe. Programu ilifurahi. Ila mara kwa mara jina la faili liliingia ukurasani pamoja na tanzia yenyewe, na watu wa Kairo wakaanza kuwasoma wazee wao wakiwa wamefungwa vistari kama mifuko ya saruji. Wakaacha kununua. Gazeti lilifungwa bila makelele, na halikupata tanzia. Hazim, nasikia, yuko Dubai, anapandishwa vyeo. Wadii angekuwapo kwenye kaunta angelazimika kumrekebishia cheo kila mwezi.

Mimi bado napita Faggala, kwa sababu miguu haijui njia nyingine. Mara ya mwisho nilipowaona ilikuwa pale pale, kwenye mlango wa uliokuwa ukumbi wetu wa herufi. Mwenye duka alikuwa ameanika mali yake barabarani, na kando ya ukuta paliwekwa hodhi nyeupe ya kuogea, mpya, bado ina karatasi. Wadii na Nasif walikuwa wamekaa kwenye ukingo wake bega kwa bega, wazee wawili wenye masikio ya aina moja. Wadii alikuwa na karatasi gotini. Sasa ilikuwa zamu ya tanzia ya Nasif, ambayo Nasif alitaka iandikwe mapema, na mtu anayejua. Nilisimama upande wa pili wa barabara, nikawasikia wakibishana juu ya Adla, kama atangulie. Atangulie, alisema Nasif, ndiye mkubwa. Lakini je, wewe uje kabla ya watoto wangu au baada?

Muuzaji alitoka, akawaambia wazee, kama hamnunui, inukeni, hii si benchi. Wadii akaanza kukusanya karatasi zake. Nasif akamwekea mkono gotini asiinuke, akamgeukia muuzaji, akauliza hodhi hii bei gani, mbona ina mkwaruzo hapa, na bomba lake linauzwa pamoja au mbali? Akaendelea kuuliza, akaipiga kwa kucha ajue sauti yake, akaulizia rangi nyingine, akataka kujua kama inapita kwenye mlango wa kliniki, na Wadii akiwa ameinama, miwani puani, anaandika.